Mpira kwanza, kebo baadaye

*Vijana wa Luhwindja wanataka kufanya mazoezi nyumbani. Mashine ya kebo inavutia kwenye picha, lakini barabara, ukuta na mfuko vina la kusema.*

Kwenye kona ya ua mmoja wa Luhwindja pamesimikwa nguzo ya mkaratusi, iliyozama ardhini karibu nusu mita. Kwenye usawa wa kifua nguzo hiyo imezungushiwa ukanda mweusi uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki. Kijana anashika ncha zake mbili, anarudi nyuma hatua mbili hadi ukanda ukaze, kisha anavuta viwiko vyote viwili mpaka mifupa ya mabega ikaribiane mgongoni. Anashikilia kidogo. Anaachia polepole. Anafanya mara kumi na mbili, anapumzika, anaanza tena.

Akimaliza anaufungua ukanda, anaupitisha kwenye kidole gumba akitafuta mpasuko, kisha anaurudisha kwenye kazi yake ya mchana: kufunga gunia la muhogo nyuma ya pikipiki.

Zana hiyo haikumgharimu karibu chochote. Hata hivyo yeye na wenzake wana wazo kubwa zaidi. Kwenye simu wamehifadhi picha ya mashine ya kebo: minara miwili ya chuma, makapi juu na chini, waya mweusi unaong'aa, na vyuma vilivyopangwa ambavyo mtu huchagua uzito wake kwa kuchomeka pini. Mmoja wao ana ndugu ng'ambo aliyeahidi kuchangia. Kinachobaki ni kuamua fedha iende wapi: kwenye mashine hiyo, kwenye seti ya mikanda ya mpira ya kiwandani, au waendelee na tyubu.

Ni swali la watu wachache kwa sasa, lakini si dogo. Fedha inayotumwa kutoka ng'ambo ikishanunua chuma cha kilo mia mbili kilichokwama njiani, hairudi.

Nchi ya mizigo

Luhwindja ni mojawapo ya tawala za kimila za wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, jirani na Burhinyi, kusini-magharibi mwa Bukavu. Ni nchi ya milima mirefu, baridi ya asubuhi, muhogo, maharage, migomba na dhahabu. Mwaka 2012 kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara kwenye mgodi wa Twangiza, na familia zilizokuwa juu ya dhahabu hiyo zikahamishiwa kilima cha Cinjira. Kando ya mgodi mkubwa, wachimbaji wadogo waliendelea na sululu, patasi na mifuko ya mawe mgongoni.

Kwa wanawake, mgongo ndio gari. Mzigo wa kuni, mchanga au mihogo hukaa mgongoni huku mkanda wake ukipita kwenye paji la uso; mama hupanda mlima ameinama, shingo imekaza, macho yakitazama ardhi hatua chache mbele. Aliyewahi kusimama kando ya njia siku ya soko amewaona wakipita mmoja mmoja, na amesikia pumzi zao.

Ndiyo maana wazee wengi husikia habari ya vifaa vya mazoezi na kushangaa. Mtu aliyelima tangu alfajiri, aliyebeba, aliyechimba, anahitaji mazoezi ya nini? Hoja hiyo ina uzito wake, na vijana wanaonunua vifaa hawapaswi kuipuuza.

Lakini jibu lipo, na limepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Andreas Holtermann walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 104,000 wa eneo la Copenhagen. Waliofanya mazoezi kwa hiari yao wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo zaidi ya maradhi ya moyo na vifo vya mapema. Waliofanya kazi ngumu za mwili kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi. Kazi nzito hudumu saa nyingi, haina mapumziko ya kutosha, na hurudia mkao uleule kila siku. Mazoezi huwa mafupi, mtu huchagua kiasi, kisha hupumzika.

> Kazi nzito hurudia mkao uleule kila siku. Kwenye mazoezi mtu huchagua kiasi, kisha hupumzika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri. Kutembea, Luhwindja haina upungufu. Kinachokosekana ni mwendo unaopinga mkao wa mzigo: kuvuta kuelekea nyuma, kufungua kifua, kuimarisha misuli iliyo kati ya mabega.

Hapo ndipo dambeli na vyuma vya kuinua vinapoishiwa. Uzito huvuta upande mmoja tu, chini. Kebo na mpira huvuta upande wowote mtu anaoutaka, mbele, pembeni au juu, na kwa mgongo wa mbebaji hiyo ni faida kubwa kuliko ukubwa wa kilo.

Mivuto miwili isiyofanana

Kwa nje, kebo na ukanda vinafanana: kuna mpini, kuna kitu kinachovuta. Ndani ya mwili vinahisiwa tofauti kabisa.

Mashine ya kebo hutumia waya wa chuma uliovikwa plastiki, unaopita kwenye kapi hadi kwenye vyuma. Ukichagua kilo 20, unavuta karibu kilo 20 mwanzoni, katikati na mwishoni. Mashine nyingi za nyumbani zina mpangilio wa makapi unaogawa uzito nusu: vyuma vya kilo 50 huhisiwa mkononi kama kilo 25, na waya nao hutoka mara mbili ya urefu ambao vyuma vinapanda. Muuzaji hatangazi jambo hilo kwa sauti. Anayenunua lazima aulize, la sivyo atadhani amepata kilo 90 kumbe mkono wake utaonja 45.

Ukanda wa mpira huanza kwa ulaini na kuongezeka ukali kadiri unavyonyooka. Kampuni ya Hygenic ya Akron, Marekani, ilianza kuuza mikanda yake ya Thera-Band mwaka 1978 kwa ajili ya tiba ya viungo, na rangi zake zikawa lugha ya wataalamu wa viungo. Ukiuvuta ukanda mwekundu hadi mara mbili ya urefu wake, unakudai kilo 1.7. Wa kijani kilo 2.1, mweusi 3.3, wa dhahabu 6.5. Kampuni nyingine zina rangi zao na vipimo vyao, kwa hiyo nyeusi ya mmoja si nyeusi ya mwingine. Kitu cha kusoma ni kilo zilizoandikwa.

Je, mpira unajenga nguvu sawasawa na chuma? Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Jaqueline Lopes walikusanya majaribio yaliyolinganisha mazoezi ya mpira na yale ya mashine na vyuma. Hawakuona tofauti ya maana katika nguvu zilizopatikana, kwa mikono wala kwa miguu. Kwa mtu anayeanza, au mama anayetaka mabega yake yanyooke, suala hilo limekwisha.

Upande wa kebo

Wanaotetea mashine wana hoja nzuri, na nzuri kuliko zote imetoka mbali sana, angani.

Mwaka 2000 wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga walipelekewa kifaa cha mazoezi kilichotumia mpira kwa sababu huko juu chuma hakina uzito. Kilifikia kilo 136. Lakini mifupa ya wanaanga, hasa ya nyonga na miguu, iliendelea kupungua. Mwaka 2008 kikaletwa kifaa kingine kinachotumia mitungi isiyo na hewa, kinachotoa mvuto unaokaribia kuwa sawa mwanzo hadi mwisho, na kufikia kilo 272. Hali ya mifupa ikawa bora. Kwa mwenye nguvu nyingi, na hasa kwa miguu, mpira hufika mahali ukaishiwa.

Kuna pia jambo la hesabu. Kwenye mashine, kilo 15 za leo ndizo kilo 15 za mwezi ujao. Mtu akihamia 17.5 anajua amesonga. Mpira hudanganya kidogo: simama nusu hatua mbele ya jana na zoezi limekuwa jepesi bila wewe kujua. Kwa kocha mwenye wachezaji wengi wa kufuatilia, hilo si jambo la kupuuza.

Na mashine haihitaji umeme. Katika jimbo ambalo Bukavu yenyewe, inayotegemea mitambo ya mto Ruzizi, huzoea kukatiwa umeme, hiyo ni sifa ambayo mashine za kukimbilia haziwezi kudai.

Mashine iliyotunzwa huishi miaka. Lakini "iliyotunzwa" ndilo neno zito hapa. Waya huanza kukatika nyuzi pale unapobanwa na kifungo cha chuma mwishoni, mahali palipofichwa na plastiki. Vumbi la kiangazi huingia kwenye beringi za kapi. Ukungu wa milimani hushambulia vyuma kwa kutu. Waya ukikatika, unahitajika wa urefu ule ule, unene ule ule na vifungo vile vile. Fundi wa Bukavu anaweza kuunga, lakini waya uliofungwa kwa klipu za ujenzi hauingii kwenye kapi la mashine.

Barabara, ukuta na mfuko

Mashine kamili yenye minara miwili hupita kilo 200 kwa urahisi. Ili ifike Luhwindja, lazima itoke bandarini Mombasa au Dar es Salaam, ivuke mipaka, ipite forodha, ifike Bukavu, kisha ipande njia ya Walungu hadi milimani, ambako mvua ikinyesha gari hulala. Kila kituo kina mkono unaongoja malipo, na mzigo wa chuma haujifichi.

Seti ya mikanda mitano yenye mipini na kamba ya mlangoni haifiki kilo mbili. Inaingia kwenye begi la mgongoni la msafiri yeyote.

Mwaka 2025 ulifanya tofauti hiyo kuwa pana zaidi. Waasi wa kundi la M23 waliingia Bukavu Februari, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na mwaka huohuo vita vikaufikia hata mgodi wa Twangiza. Fedha taslimu iliadimika, watu wakategemea pesa za simu. Kukimbia barabarani alfajiri, desturi ya vijana wengi wa Ibanda na Kadutu mjini Bukavu, kukawa jambo la kupima mara mbili. Mazoezi ya ndani ya ua yalipata maana mpya, na wakati huohuo kununua kitu kikubwa kukawa kugumu.

Halafu kuna ukuta. Picha za matangazo huonyesha kapi lililokazwa kwenye zege. Nyumba nyingi za milimani ni za matofali mabichi, za mbao, au za miti iliyokandikwa udongo. Skrubu ya kupanuka ndani ya tofali bichi hushika siku ya kwanza. Baada ya mivuto mia kadhaa tundu limekuwa unga, na siku moja chuma kinatoka na kipande cha ukuta, kikielekea kwa aliyekuwa anavuta.

> Skrubu ndani ya tofali bichi hushika siku ya kwanza. Baadaye tundu linakuwa unga.

Kwa nyumba hizo, ukuta usiguswe kabisa. Nguzo iliyochimbiwa nje, mti ulio hai, au nyayo za mtu mwenyewe zikiukanyaga ukanda, ndizo nanga za kuaminika. Mlango unafaa kama una fremu imara na bawaba nzima, na kama mtu anasimama upande ambao kuvuta kunaufunga mlango. Akisimama upande wa pili, mlango utamfuata.

Tyubu si takataka

Kuna watu huionea haya tyubu. Wanaiona kama dalili ya kukosa. Hawajui wanachodharau.

Tyubu nyingi za magari na pikipiki hutengenezwa kwa mpira wa butili, uliobuniwa na wakemia wa kampuni ya Standard Oil ya Marekani mwaka 1937 kwa sababu hauachi hewa ipite. Sifa yake ya pili ni kuvumilia jua na hewa kuliko mpira wa asili. Mikanda ya kiwandani, ambayo mingi ni ya utomvu wa mpira wa asili, ikiachwa juani Luhwindja itaanza kupasuka vipasuko vidogo vidogo mapema. Ukanda wa tyubu utastahimili muda mrefu zaidi.

Kasoro ya butili ni uvivu wa kurudi. Ukiuvuta, sehemu ya nguvu yako hupotelea ndani yake, na unaporudisha mkono huhisi ukanda umelegea kuliko ulivyokuwa ukivuta. Kwa mazoezi, sehemu ya kurudisha polepole ndiyo nusu ya faida. Mpira wa asili hukudai pande zote mbili. Kwa hiyo mwenye tyubu na akaze zaidi, arudishe taratibu zaidi, na ajue kwamba seti ya kiwandani itampa kitu ambacho tyubu haitoi.

Ukataji nao una adabu yake. Fundi wa baiskeli atakupa tyubu iliyotobolewa mara nyingi. Epuka sehemu yenye viraka na sehemu ya valvu. Kata kwa wembe mkali kwa mstari mmoja usiokatizwa, kwani kila jino lililoachwa na mkasi ni mahali pa kuanzia mpasuko. Kingo ziwe laini ukizipapasa. Fundo la ncha lisiwe dogo na kali. Kunja ukanda mara mbili na ufunge kwa kipande kingine cha mpira, jinsi wafungaji wa mizigo wanavyofanya.

Na kupima kunawezekana bila mizani ya duka. Ning'iniza ukanda kwenye nguzo ya mlalo, ufungie bidoni chini yake, umimine lita tano za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito wa bidoni yenyewe ni mdogo. Pima ukanda umerefuka kwa kiasi gani, weka alama ya chaki ukutani. Ongeza hadi lita kumi, weka alama nyingine. Sasa mtu akivuta ukanda huo hadi urefu wa alama ya kwanza anajua anavuta karibu kilo tano. Uongo wa mpira umepatiwa dawa, na mtaalamu wa viungo anayemwandikia mgonjwa wake mazoezi ya nyumbani ana namba ya kuandika.

Bukavu inajua thamani ya kazi hiyo. Kituo cha Heri Kwetu kimehudumia watu wenye ulemavu wa viungo kwa miaka mingi, na Hospitali ya Panzi, iliyoasisiwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inapokea wanawake ambao mwili lazima ujengwe upya hatua kwa hatua. Mgonjwa akirudi kijijini hawezi kurudi na mashine. Ukanda anaweza.

Hatari iko usawa wa jicho

Sifa zote hizo zisifunike jambo moja. Mpira ulionyooka umebeba nguvu, na ukiachia ghafla nguvu hiyo huenda mahali fulani. Wakati wa janga la korona, watu walipojifungia na kufanya mazoezi nyumbani, madaktari wa macho nchini Marekani waliripoti wagonjwa waliopigwa na mikanda iliyokatika au kuchomoka, wakiwa na damu iliyovuja ndani ya jicho. Baadhi ya majeraha ya namna hiyo huacha athari ya kudumu.

Idara ya macho ya Hospitali Kuu ya Jimbo iko Bukavu. Kutoka Luhwindja, kwa njia ile ile ya Walungu, hiyo si safari ya dharura inayotamanika.

Kwa hiyo kabla ya kila zoezi ukanda upitishwe kati ya vidole, wote, hadi kwenye fundo. Ukionekana weupe, mpasuko au sehemu nyembamba, kazi yake ya mazoezi imekwisha, ufunge mizigo. Usivutwe kupita mara mbili na nusu ya urefu wake. Nanga ya chini isivutwe kuelekea usoni. Watoto wasisimame kwenye mstari wa ukanda, mbele wala nyuma ya nguzo.

Ukanda uliofungia mizigo mchana kutwa usitumiwe kwa mazoezi jioni. Kijana wa mwanzo wa makala hii anakagua ukanda wake, na anafanya vyema, lakini chuma cha kibebeo huusaga kila siku mahali palepale. Tyubu ni rahisi kupata. Awe na wa kazi na wa mwili.

Mikanda ya utomvu wa asili nayo huchukia mafuta. Mikono yenye mawese, petroli au mafuta ya kujipaka inaufanya mpira kuvimba na kulegea. Ioshwe kwa maji, ikauke kivulini, ipakwe poda kidogo, ihifadhiwe kwenye mfuko mweusi mbali na moshi wa jiko. Na kuna watu ambao ngozi yao huwasha na kuvimba wakigusa utomvu wa mpira. Hao watafute mikanda isiyo na utomvu huo, au wabaki na kebo.

Kapi na bidoni

Kati ya ukanda na mashine ya kifahari kuna njia ya tatu ambayo haionekani kwenye picha za simu, ingawa vifaa vyake viko kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi Bukavu.

Nguzo mbili za mkaratusi, boriti juu yake, kapi la ujenzi lililofungwa kwa mnyororo, kamba ya nailoni ya kusuka, mpini wa kipande cha bomba, na bidoni ya njano ya lita 20. Maji ndiyo vyuma. Lita nane leo, tisa wiki ijayo. Mvuto haubadiliki mwanzo hadi mwisho, kama kwenye mashine ya maelfu ya dola, na namba iko wazi. Kapi la pili likifungwa chini ya nguzo, kamba inaweza kuvutwa kutoka chini kwenda juu, kwa mabega na mikono.

Uzuri wake mwingine ni kwamba kamba ikichakaa inaonekana. Haikufichwa ndani ya plastiki. Kapi liwe la chuma lenye kuzunguka bila kukwama, boriti ipimwe kwa mtu mzima kuning'inia kabla ya kuanza, na bidoni isipande juu ya kichwa cha anayevuta. Mti mmoja wa kuizuia ukikingamishwa chini ya boriti unatosha.

Kwa kundi la vijana kumi na wawili, chombo hicho uani kwa mmoja wao kinawafaa kuliko mashine ya dukani. Kinatengenezwa na mikono yao, kinarekebishwa hapohapo, na wakilazimika kuondoka kwa haraka, kama watu wa Kivu walivyolazimika mara nyingi, hawaachi nyuma akiba ya miaka.

Fedha iende wapi

Mashine ya kebo ina mahali pake. Ukumbi wa mazoezi mjini wenye sakafu ya zege, hospitali yenye chumba cha tiba ya viungo, klabu ya mpira yenye bajeti: hao wanunue, waulize mgawanyo wa makapi, wadai waya wa akiba kwenye kifurushi hichohicho, na wamteue mtu mmoja wa kukagua kila wiki. Ikiwa chama cha vijana wa Luhwindja kitapata siku moja jengo imara, mjadala urudi mezani.

Kwa nyumba, leo, mikanda ya mpira inashinda, na haishindi kwa sababu tu ni rahisi. Inafika. Haiuvunji ukuta. Inavuta upande ambao mgongo uliochoka kubeba unauhitaji. Mama mwenye umri wa miaka hamsini anaweza kuanza na mwembamba, mwanawe akatumia mnene, kwenye nguzo ileile. Na wanawake hao wasisahaulike fedha inapopangwa. Mpaka sasa mazungumzo ya vifaa yamekuwa ya vijana wa kiume wanaotaka vifua vipana, ilhali wanaoumia mgongo zaidi ni wale wanaopita njiani na mkanda kwenye paji la uso.

Ndugu aliye ng'ambo anayetaka kusaidia na asitume chuma. Atume seti mbili za mikanda zilizoandikwa kilo, moja laini na moja kali, kamba ya mlangoni, na ukanda mmoja wa akiba usio na utomvu wa asili. Fedha inayobaki iwanunulie vijana makapi mawili na kamba nzuri Bukavu. Nguzo wanazo.